Baba na mwana wanajenga boti ya kuwindia bata, mama aulize nini?

Ujumbe uliingia kwenye simu ya dawati letu la familia usiku, saa za huku. Kwa aliyeutuma ilikuwa bado alasiri.

Ni mama Mtanzania, mzaliwa wa Musoma, anayeishi na familia yake katika jimbo la Minnesota, Marekani. Gereji ya nyumba yake haiingii gari tena. Tangu mwezi wa sita mume wake na mtoto wao wa kiume wa miaka 12 wamekuwa wakijenga humo boti ndogo ya mbao ya kuwindia bata mwitu. Anayewaelekeza ni jirani yao, mzee wa Kimarekani aliyestaafu, ambaye amewinda bata tangu utotoni.

Mama huyu anasema hajawahi kuona mumewe na mwanawe wakielewana kama wanavyoelewana sasa. Mtoto aliyekuwa hatoki kwenye simu, leo anajua kupima, kukata na kupiga msasa. Lakini msimu wa kuwinda huanza mwishoni mwa Septemba, na kadri siku zinavyosogea, usingizi wake mama unapungua. Swali lake lilikuwa fupi: awaruhusu waende, au awazuie? Na kilichomtia hofu zaidi, aliandika, ni bunduki.

Tunalijibu hapa gazetini kwa sababu wasomaji wetu wengi wana ndugu walioko huko, na kwa sababu sehemu kubwa ya jibu inatuhusu hata sisi tunaoishi karibu na Ziwa Victoria, Tanganyika, Nyasa au baharini.

Kwa ufupi, hakuna sababu ya kuwazuia. Bunduki ni hatari na ina sheria zake. Lakini katika shughuli hii, hatari ambazo mzazi husahau kuziuliza ni mbili: hewa ya gereji wakati boti inajengwa, na maji baridi siku inapoingia ziwani. Zote mbili zinazuilika, na wakati mzuri wa kuzizuia ni sasa, boti ikiwa bado gerejini.

Boti hii ikoje?

Bata mwitu hupenda maji ya kina kifupi yenye matete na nyasi, ambako chini ni tope. Huwezi kufika kwa miguu, na boti kubwa inakwama. Kwa hiyo wawindaji hutumia boti fupi yenye tako bapa, mara nyingi ya futi 12 hadi 16, inayoelea kwenye maji kidogo. Kuta zake huwa za chini ili bata wasiione kwa mbali, na hupakwa rangi ya nyasi zilizokauka. Juu yake huwekwa kibanda cha kujificha, na kandokando yake huelea bata bandia wa kuwavuta walio hai.

Wengi hujijengea wenyewe kwa plaiwudi. Mbao hukatwa kwa ramani, hushonwa pamoja kwa waya za shaba au kamba za plastiki, kisha maungio huzibwa kwa gundi ya epoksi na kitambaa cha faibaglasi. Ni kazi anayoiweza mtu asiye fundi, na ndiyo maana baba na mtoto wameipenda.

Tatizo ni kwamba kile kinachoifanya iwe nzuri kwa kuwinda ndicho kinachoifanya iwe hatari. Kuta za chini huruhusu wimbi kuingia. Humo ndani watu wamevaa makoti mazito, kuna mbwa anayeruka kufuata ndege, na mara mtu anasimama ghafla kulenga. Boti ndogo haipendi mtu anayesimama ghafla.

Gereji kabla ya ziwa

Tuanze na epoksi. Ikishakauka kabisa haina shida kubwa. Ikiwa mbichi, yenyewe na kigumishi chake huweza kuwasha ngozi, na mtu akiigusa mara kwa mara mwili wake unaweza kujenga mzio. Mzio huo ukishaingia, mara nyingi hautoki tena. Siku nyingine hata tone dogo linamtoa vipele.

Kwa hiyo anayechanganya epoksi avae glavu za nitraili, miwani na nguo za mikono mirefu. Ikimgusa asiifute kwa petroli wala tina, kwani vimiminika hivyo huipenyeza zaidi kwenye ngozi. Aifute kwa kitambaa, kisha aoshe kwa sabuni na maji mengi.

Vumbi lake nalo si la kupuuza. Epoksi inayopigwa msasa kabla haijakauka sawasawa hutoa vumbi lenye kemikali bado hai, na faibaglasi hutoa nyuzi ndogo zinazochoma koo na mapafu. Barakoa ya kitambaa haitoshi. Inahitajika ile ya kuzuia vumbi, aina ya N95 au zaidi, iliyobana vizuri usoni. Mtoto mwenye pumu asikae gerejini siku ya msasa.

Je, mtoto wa miaka 12 afanye nini basi? Kazi zipo tele. Apime na kuchora mistari, ashone mbao kwa waya, asuke mikeka ya nyasi ya kibanda, apake bata bandia rangi kwa brashi mlango ukiwa wazi. Kazi ya epoksi mbichi wabaki nayo watu wazima.

Hatari kubwa zaidi ya gereji, hata hivyo, haina harufu. Epoksi hugoma kukauka kwenye baridi. Huko Minnesota usiku wa Oktoba unaweza kushuka hadi maji yakaganda. Fundi anayewahi msimu hushawishika kufunga mlango na kuwasha hita ya gesi au mafuta ya taa ili gundi ikauke. Moto wowote unaowaka mahali pasipopitisha hewa huweza kutoa gesi ya kaboni monoksidi.

Sisi huku tunaijua gesi hiyo kwa jina la jiko la mkaa. Kila msimu wa baridi tunasikia habari za familia iliyolala na jiko ndani na isiamke. Gereji iliyofungwa haina tofauti na chumba hicho. Kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu vikiwapata watu wawili kwa pamoja, si mafua. Watoke nje mara moja na waite msaada. Kifaa cha kugundua gesi hiyo kiwekwe gerejini na ndani ya nyumba pia, kwa sababu gereji nyingi za huko zimeungana na nyumba.

Hita hiyohiyo mara nyingi huhamia kwenye boti, ndani ya kibanda kilichofunikwa. Kanuni haibadiliki hata juu ya maji: pawe na upenyo mkubwa wa hewa, au isiwashwe.

Hesabu ya uzito

Boti inayonunuliwa kiwandani Marekani, ikiwa ndogo, huja na kibao kinachoonyesha idadi ya watu na kilo inazoweza kubeba. Boti uliyojijengea haiji na kibao. Hesabu ni juu yako.

Walinzi wa Pwani wa Marekani wana kanuni rahisi kwa boti ndogo ya injini isiyo na kibao: zidisha urefu kwa upana, vyote kwa futi, kisha gawanya kwa 15. Boti ya futi 14 kwa 5 inatoa 70. Ukigawa kwa 15 unapata 4 na ushee, yaani watu wanne. Lakini kila mtu amehesabiwa kuwa na kilo 68, na hali ya hewa ni tulivu. Jumla ni kilo 272.

Sasa tupakie boti ya wawindaji. Baba na nguo zake nzito, kilo 90. Jirani, kilo 95. Mtoto, kilo 45. Mbwa, kilo 30. Bata bandia, bunduki, risasi, betri na chakula, tuseme kilo 40. Hizo ni kilo 300. Watu ni watatu tu, na tayari boti imezidiwa.

Nayo kanuni hiyo haikutungwa kwa ajili ya boti zenye kuta za chini kama hii, kwa hiyo ibaki pengo la kutosha chini ya kiwango hicho. Mbwa abaki nyumbani, au watu wazima wapeleke mizigo kwa safari mbili. Ni usumbufu, lakini ni usumbufu unaovumilika.

Jambo la pili ni povu. Plaiwudi huelea, ila injini na betri huzama na kuvuta boti. Chini ya viti na kandokando huwekwa vipande vya povu gumu lisilonyonya maji. Lita 100 za povu hilo hubeba takribani kilo 95. Kazi yake ni kwamba boti ikijaa maji ibaki juu, imelala sawasawa, watu wapate pa kushika.

Mahali linapowekwa ni muhimu kama kiasi chake. Povu lote likikaa chini katikati, boti ikijaa maji itapinduka kichwa chini. Linatakiwa likae juu kwenye kuta za pande zote mbili, na jingine kwenye tezi, karibu na injini.

Njia ya kujua kama limetosha ni moja: kuijaribu. Siku ya joto, kwenye maji yanayofika kiunoni, wote wakiwa wamevaa majaketi ya kuokoa maisha, wafungie uzito unaolingana na ule wa injini, kisha waijaze boti maji makusudi. Wataona wenyewe upande unaozama. Ni afadhali kasoro hiyo wakaiona mwezi wa nane kuliko mwezi wa kumi na moja.

Novemba 11, 1940

Wawindaji wa Minnesota wana tarehe wasiyoisahau. Asubuhi ya Novemba 11, 1940, siku ya mapumziko ya kukumbuka mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza, kulikuwa na joto lisilo la kawaida kwa mwezi huo. Mamia ya watu waliingia kwenye visiwa na mabwawa ya Mto Mississippi na vikoti vyepesi. Bata walikuwa wengi mno, wakipita chinichini bila kuogopa. Walikuwa wanakimbia dhoruba.

Ndani ya saa chache joto liliporomoka, upepo ukavuma kwa nguvu, mvua ikageuka theluji. Mawimbi yalizijaza boti za kuta fupi. Wengine walikwama visiwani usiku kucha wakiwa wameloa. Zaidi ya watu 140 walifariki katika majimbo ya kati ya Marekani. Minnesota peke yake ilipoteza 49, na karibu nusu yao walikuwa wawindaji wa bata.

Kesho yake rubani Max Conrad wa mji wa Winona aliruka na ndege ndogo juu ya mto huo, akiwadondoshea manusura makopo yenye chakula na viberiti, na kuwaonyesha waokoaji walipo.

Miaka zaidi ya 80 imepita. Utabiri wa hali ya hewa umekuwa bora na upo kiganjani. Lakini maji ya baridi hayajabadilika, wala mwili wa binadamu.

Dakika moja, dakika kumi, saa moja

Watu wengi hudhani anayeanguka kwenye maji ya baridi huuawa na baridi polepole. Mara nyingi haifiki huko.

Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, aliyejitumbukiza mwenyewe kwenye maji ya barafu kwa ajili ya utafiti, hufundisha kwa namba tatu: moja, kumi, moja.

Dakika moja ya kwanza mwili hushtuka. Mtu huvuta pumzi kwa nguvu bila kutaka na kuhema haraka. Kichwa kikiwa chini ya maji wakati huo, anavuta maji. Kazi yake dakika hiyo ni moja tu, kutuliza pumzi huku kichwa kikiwa juu.

Dakika kumi zinazofuata bado mikono na miguu vinafanya kazi. Baada ya hapo vidole haviwezi kushika kamba, na hata muogeleaji hodari anashindwa kuogelea.

Saa moja ndiyo muda wa kukadiria kabla mtu hajapoteza fahamu kwa sababu ya baridi yenyewe. Lakini ili aifikie saa hiyo, lazima kuwe na kitu kinachomshikilia juu ya maji. Kitu hicho ni jaketi la kuokoa maisha, likiwa limevaliwa. Lililoko chini ya kiti halimsaidii, kwani hakuna anayeweza kulivaa na kulifunga majini huku akitweta.

Takwimu za Walinzi wa Pwani wa Marekani kwa mwaka 2023 zinaonyesha watu 564 walikufa katika ajali za boti za starehe. Pale ambapo chanzo cha kifo kilijulikana, robo tatu walizama. Kati ya waliozama ambao taarifa zao zilikuwepo, asilimia 87 hawakuwa wamevaa jaketi.

Hapa ndipo mama wa Minnesota anapaswa kuwa makini kuliko sheria. Sheria ya jimbo hilo inamlazimu mtoto aliye chini ya miaka 10 kuvaa jaketi boti inapotembea. Mwanawe ana miaka 12. Sheria imeshamwacha, kwa hiyo iliyobaki ni sheria ya nyumbani kwake.

Ukubwa nao uangaliwe. Majaketi hupangwa kwa uzito, na mtoto wa kilo 45 ameshapita ukubwa wa watoto, anavaa la watu wazima lililo dogo. Alijaribu juu ya koti lake la kuwindia, si juu ya fulana dukani. Kisha mzazi ashike mabegani na kuvuta juu. Likipanda hadi kidevuni, halimfai. Yale yanayojazwa upepo hayaruhusiwi kwa walio chini ya miaka 16.

Swali jingine ni suruali ndefu za mpira zinazofika kifuani. Wengi husema zikijaa maji humvuta mtu chini kama jiwe. Si kweli, maji yaliyo ndani yake hayana uzito ukiwa bado majini. Ubaya wake ni kwamba kuogelea na kupanda botini kunakuwa kugumu sana. Mkanda unaobana kiunoni hupunguza maji yanayoingia, na ngazi ndogo iliyofungwa kwenye boti humsaidia mtu kupanda. Hiyo ngazi nayo ni kitu cha kujenga sasa.

Bunduki, masikio na risasi

Hatukusahau hofu ya mama. Bunduki isafirishwe ikiwa haina risasi na iwe kwenye mkoba wake mpaka boti isimame na kutia nanga. Sheria ya Marekani ya ndege wanaohama inakataza kupiga bata kutoka kwenye boti inayosukumwa na injini. Lazima injini izimwe na boti iache kwenda. Botini apige mtu mmoja kwa zamu, akiwa ameketi. Na mtoto asiguse bunduki kabla ya kupita mafunzo ya usalama, ambayo Minnesota huyatoa kuanzia miaka 11.

Mlio wa bunduki moja hupita desibeli 140, kiwango kinachoweza kuharibu usikivu papo hapo. Masikio ya wote yafunikwe, ya anayepiga na ya aliyekaa kando.

Kisha kuna madini ya risasi. Marekani ilipiga marufuku nchi nzima matumizi ya marisau ya madini hayo kwa kuwindia bata mwaka 1991, kwa kuwa yalikuwa yanawaua ndege. Siku hizi hutumika ya chuma. Lakini vizito vya kufungia bata bandia wasichukuliwe na maji bado vingi ni vya risasi, na wapo wanaoviyeyusha nyumbani ili kuviunda. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na ubongo wa mtoto ndio unaoumia zaidi. Wanunue vya chuma. Kama vya zamani vipo, mtoto anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Maswali ya kuuliza mlangoni

Tulimtumia mama orodha hii aibandike kwenye mlango wa gereji:

1. Kila mmoja amevaa jaketi, au amelibeba tu?
2. Uzito wote umejumlishwa, pamoja na mbwa?
3. Utabiri wa upepo unasemaje, si wa asubuhi tu bali wa saa ya kurudi?
4. Anayeendesha amejifunga kamba ya kuzimia injini?
5. Kibanda kinaangushwa kwa mkono mmoja, na kinatokeka pande zote mbili?
6. Makasia yapo, ndoo ya kutolea maji ipo, na nguo kavu zipo kwenye mfuko usioingiza maji?
7. Mnaenda wapi hasa, mnarudi saa ngapi, na nikishaona saa imepita nimpigie nani?

Swali la saba ndilo la mtu anayebaki nyumbani. Asiyejua walikokwenda hawezi kumwelekeza mwokoaji.

Na sisi tulio huku

Maji ya Ziwa Victoria si ya barafu, na boti zetu hazijengwi kwa ajili ya kuwinda. Lakini WHO inakadiria watu 300,000 walizama na kufa duniani mwaka 2021, karibu robo yao wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano, na vifo vingi mno vikitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Uzito uliozidi na jaketi lililokaliwa badala ya kuvaliwa ni mambo tunayoyaona kila siku kwenye mitumbwi na boti zetu. Tunasema ajali haina kinga. Nyingi kati ya hizi zinayo.

Wiki iliyopita mama huyo alituandikia tena. Walifanya jaribio la kujaza maji kwenye ziwa dogo karibu na kwao. Omo ilibaki juu, tezi ikazama. Mzee jirani alitikisa kichwa, baba akanyamaza, boti ikarudi gerejini kuongezwa povu. Kwa hiyo siku ya ufunguzi wa msimu imewapita.

Mtoto alinuna siku nzima. Kesho yake, anasema mama, alikuwa gerejini kabla ya baba yake, anapima mahali pa kuweka povu. Jaketi lake jipya limetundikwa ukutani, juu kidogo ya ile orodha.